Masika Kawe: si wingu linalovunja moyo

Jua la Dar es Salaam halimnyimi mtu saa zake. Tarehe 21 Juni, siku fupi kuliko zote katika mwaka, linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi na kuzama saa 12 na robo jioni. Desemba, siku inaporefuka hadi mwisho wake, ongezeko halifiki hata saa moja. Huko Helsinki mchana mfupi zaidi wa Desemba haufiki saa 6, na Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi Januari. Kwa mizani hiyo mkazi wa Kawe, jijini Dar es Salaam, hana miezi ya giza. Hata hivyo anayo. Inaanza Machi, inakomaa Aprili, inaishia Mei, na jina lake ni masika. Ndiyo miezi ambayo watu wa mitaa ya Ukwamani na Mzimuni husema wana mawazo, mwili mzito, usingizi usioburudisha, hasira za karibu. Tumezoea kuyapokea hayo kama sehemu ya mvua yenyewe, kama matope na mbu. Naona tumekosea chanzo, na kwa kukosea chanzo tumekosea na tiba. Wingu halina nguvu hiyo tunayolipa. Kinachomvunja mtu moyo ni mambo mawili ambayo mvua huyakatia njia: riziki ya siku, na watu wa kuzungumza nao.

Tuanze na wenye giza la kweli, maana ndiko elimu ya jambo hili ilikozaliwa. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg, akahamia New York mwaka 1976. Baridi ya kwanza ya kule ilimshangaza: nguvu za kazi zilimwishia, na siku ziliporefuka zikamrudia. Mwaka 1984, akiwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya kitaalamu ya sonona inayomrudia mtu kila majira ya baridi, wakaonyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu walipokaa mbele ya taa kali. Tiba hiyo inatumika mpaka leo: nusu saa hivi asubuhi mbele ya taa ya laksi 10,000. Ni tiba ya kweli ya ugonjwa wa kweli, na ndugu yetu anayeugua huko ughaibuni asiambiwe kwamba anadeka. Lakini juu ya ugonjwa huo ilijengwa imani pana kuliko ugonjwa wenyewe, kwamba giza huwashusha moyo watu wote. Hapo ushahidi unayumba. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walipitia majibu ya watu wazima 34,294 nchini mwao, wasione kwamba dalili za sonona huongezeka wakati wa baridi, wala kwamba wakazi wa kaskazini wanazo nyingi kuliko wa kusini. Iceland, kisiwa chenye usiku mrefu mno, utafiti wa miaka ya 1990 uliwakuta wenyeji wakiugua sonona ya majira kwa kiwango cha chini kuliko Wamarekani wa pwani ya mashariki, ambao wana mwanga mwingi kuwashinda. Kama anga peke yake ndiyo ingekuwa inatawala moyo, matokeo hayo yasingepatikana.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka Kenya. Mwaka 2013 Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walieleza walichokipata walipopima kotisoli, homoni inayopanda mwilini mtu anapoelemewa, kwa wakazi wa vijijini. Mvua ilipokosekana, kotisoli ya wakulima ilipanda. Kwa wasiolima haikupanda, na waliotegemea shamba peke yake ndio walioumia zaidi. Anga lilikuwa moja juu ya vichwa vyao wote. Kilichotofautiana ni kile ambacho anga lilifanya kwenye sufuria ya kila mmoja. Nauona utafiti huu kuwa ufunguo wa masika yetu, japo huku mambo yamegeuka kichwa chini: mkulima wa Kenya aliumizwa na mvua isiyokuja, mtu wa Kawe huumizwa na ile iliyokuja asubuhi ya saa moja, kabla hajatoka.

Tazama nani anaishi Kawe na anakula kwa njia gani. Saidia fundi anayesubiri kuitwa kwenye nyumba inayojengwa Mbezi Beach au Goba hapati kitu siku zege haimwagwi. Mama lishe amewasha jiko, amepika wali na maharage ya watu arobaini, na arobaini wale wamejikunyata vibandani kwao. Chakula hakingoji kesho. Anayefua nguo za watu hana pa kuanika. Bodaboda hapakii abiria kwenye mvua kubwa, na akipakia anahatarisha roho mbili kwenye lami inayoteleza. Deiwaka wa daladala anaona gari likikwama kwenye foleni saa tatu njia ambayo kiangazi ni dakika arobaini, hesabu ya tajiri iko palepale, na kinachobaki kugawana ni kidogo. Wavuvi nao, kuanzia pwani ya Kawe mpaka Kunduchi, wanakutana na kusi inayoanza kuvuma mnamo Aprili na bahari inayochafuka. Hawa wote wana jambo moja: wanalipwa kwa siku, na siku ikilowa imepotea. Zamani, kiwanda cha nyama ya kopo cha Tanganyika Packers kilipokuwa bado kinafanya kazi hapa Kawe, mfanyakazi aliyeandikishwa alipokea mshahara wa Aprili kama alivyopokea wa Agosti. Mvua ilimlowesha tu. Leo inamlowesha mjukuu wake na kumnyang'anya mlo, na katikati ya wiki ya tatu ya namna hiyo mtu anasema ana mawazo. Lugha yetu ilishaliona hilo kabla ya watafiti: kwa Kiswahili mawazo yakiwa mengi ni maradhi, na mara nyingi ukimuuliza mwenye nayo anawaza nini, atakutajia kodi ya chumba, ada na deni la dukani.

Njia ya pili inayokatwa haina hesabu ya fedha, kwa hiyo tunaidharau. Maisha ya Kawe yanafanyika nje. Nyumba za chumba na sebule hazikujengwa kwa ajili ya kukaa mchana kutwa. Ni za kulala na kuhifadhi vitu. Mazungumzo yako kwenye kahawa, kwenye bao, kwenye drafti, kwenye benchi la kijiwe chini ya mwembe, gengeni, bombani, saluni, kwenye ngazi ya duka. Mvua ikikaa siku nne, mabaraza hayo yote huvunjika kwa wakati mmoja. Familia ya watu sita inabaki ndani ya chumba kimoja na sebule, moshi wa mkaa ndani, nguo mbichi zimetundikwa kwenye kamba juu ya kitanda, watoto wanagombana, na mtu mzima aliyezoea kupunguza mawazo yake kijiweni hana wa kumwambia isipokuwa yule yule anayeshiriki naye dhiki hiyo hiyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, ulionyesha kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko waliotengwa. Hiyo ni takwimu ya uhai wenyewe, achilia mbali furaha.

Na yapo mazungumzo ambayo yamepimwa kama dawa inavyopimwa. Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa akina bibi wa mtaani, waliofundishwa, kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Wazimbabwe nao hali hiyo ya mawazo wanaiita, kwa Kishona, kuwaza kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha kliniki 24 na wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa kama asilimia 14, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama asilimia 50. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Angalia kilichofanya kazi pale: benchi, mtu mzima mwenye subira, na tatizo lililokatwa vipande mpaka likabebeka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Kawe haina wakati wa kiangazi.

Kuna atakayepinga kwamba nimegeuza huzuni kuwa suala la pesa, ilhali hata ng'ambo ya Barabara ya Bagamoyo ya zamani, kwenye nyumba zenye jenereta na magari ya juu, watu wanakosa raha masika. Pingamizi hili lina haki yake, na sitalipita. Mwanga una kazi mwilini, kwa tajiri na kwa maskini. Ila tusisahau kwamba anga la mawingu mchana bado hutoa laksi 1,000 na kuendelea, mara nyingi maelfu, wakati sebule yenye pazia zito na balbu moja haina zaidi ya mia chache. Maana yake, hata siku ya mvua mwanga upo, uko nje ya mlango. Tunaukosa kwa sababu tumejifungia. Mwenye gari anatoka kwenye sebule ya kiza, anaingia kwenye gari la vioo vyeusi, anaketi ofisini chini ya kiyoyozi, anarudi usiku. Huyo amejitengenezea baridi ya Helsinki katika nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Nusu saa ya kutembea asubuhi kati ya manyunyu na manyunyu, mwavuli mkononi, inampa mwanga na mwendo kwa pamoja, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Vikundi vya jogging vilivyojaa Dar es Salaam, Temeke kwa Kinondoni, vinalijua hili. Tatizo ni kwamba vingi vinasinyaa mvua zikianza, yaani vinafungwa wakati vinapohitajika zaidi. Kwa hiyo mtu wa jenereta naye amekatiwa njia. Amejikatia mwenyewe, na kuifungua hakuhitaji ruzuku ya mtu.

Mwingine atasema mvua ni neema, na muumini hapaswi kunung'unikia neema. Subira na sala vinatosha. Mimi naiheshimu hoja hii kuliko zote, ila naomba tuichunguze kwa kalenda. Tangu mwaka 2021 hadi 2024 mwezi wa Ramadhani uliangukia ndani ya masika: mwaka 2022 mfungo ulianza mwanzoni mwa Aprili, na mwaka 2024 ulianza katikati ya Machi. Miaka yote hiyo Pasaka nayo ilikuwa Machi mwishoni au Aprili. Imani ilifanya nini katika miezi hiyo? Iliwatoa watu nje. Waislamu walivuka madimbwi kwenda tarawehe usiku, futari ikapelekwa kwa jirani, daku ikawaamsha watu kwa pamoja. Wakristo walifunga Kwaresima, wakaenda Njia ya Msalaba na mikesha, wakakutana jumuiya kwa jumuiya nyumbani kwa watu. Siku ikawa na vigingi: saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kukutana. Sadaka na zaka zikamfikia aliyekosa kibarua. Kwa maneno mengine, dini haikumwambia mtu akae ndani avumilie. Ilimrudishia zile njia mbili, ya riziki na ya watu. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwaka 2027 itaanza Februari, kabla masika hayajaanza. Aprili za miaka inayokuja zitakuwa na mvua ile ile bila futari. Misikiti na makanisa ya Kawe yana sababu nzuri ya kujiuliza kitu gani kitawakutanisha watu jioni za Aprili baada ya Pasaka kupita.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mtu ambaye maji yameingia ndani kwake. Huyo ukimwambia atembee asubuhi amtafute mwenzake wa kuzungumza naye, unamtukana. Anachohitaji ni mfereji. Nakubaliana naye kabisa. Kawe iko chini, karibu na bahari, na maji ya Mto Mbezi na Mlalakuwa hupita maeneo haya yakielekea baharini; mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya nchi kavu hayana pa kwenda. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba mafuriko ya Aprili 2018 yaliwagharimu wakazi wa jiji hili zaidi ya dola milioni 100. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini. Hayo hayatibiwi kwa moyo mkunjufu. Serikali inadaiwa mitaro, na manispaa inadaiwa uzoaji wa taka, kwa sababu mtaro uliojaa chupa na mifuko ni ukuta. Lakini tazama pia kilichotokea wananchi walipoingia kwenye kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa vyuo na wakazi, wakatembea mitaa inayofurika wakichora mifereji, madaraja na nyumba, mpaka mitaa ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote ikaonekana. Ramani ile ilisaidia upangaji. Ilifanya na jambo jingine: iliwaweka majirani barabarani pamoja, wakiuliza maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Mtu anayejua maji yanakotoka, na ana namba ya simu ya jirani wa juu ya mto, hulala tofauti na anayesikiliza bati usiku kucha peke yake.

Kama nimekuwa sahihi mpaka hapa, basi maandalizi ya moyo yanaanza kabla ya mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mwelekeo wa masika. Tangazo lile husikilizwa kama habari ya wakulima. Kwa Kawe ni habari ya mishahara: linamwambia anayelipwa kwa siku kwamba siku zake zinakaribia kupungua. Akina mama wengi hapa wanacheza mchezo wa kupokezana fedha, na zamu hupangwa kwa kura au kwa wepesi wa kila mmoja. Inawezekana kuzipanga zamu za Aprili na Mei ziwaendee wale ambao kazi yao hulala kwa mvua, mama lishe na mfuaji kwanza, mwenye mshahara asubiri Julai. Vikoba vinaweza kufanya vivyo hivyo na marejesho ya mikopo, vikayapunguza masika na kuyaongeza kipupwe. Huu si usemi wa matumaini tu. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kaya maskini zilipopewa fedha taslimu bila masharti, utafiti wa Haushofer na Shapiro uliochapishwa mwaka 2016 uliona furaha na kuridhika na maisha vikipanda, msongo na dalili za sonona vikishuka. Wasiwasi unapungua pale mlo wa kesho unapojulikana.

Lazima niweke mpaka, kwa sababu hoja hii ikisukumwa kupita kiasi inaweza kumdhuru mtu. Sonona ni ugonjwa, na haiishi kwa kuwa jua limetoka. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila hamu ya chochote, halali au analala kutwa, hali, anajiona hana thamani, au anazungumzia kufa, hapo habari ya masika imekwisha. Apelekwe hospitali, aelezwe daktari waziwazi kama anavyoelezwa homa. Homa nayo isisahaulike. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na uchovu unaobaki baada ya dengi au malaria unafanana sana na kukata tamaa. Anayeitwa mvivu mwezi wa Mei huenda alihitaji kipimo cha damu.

Linabaki suala la paa. Kijiwe cha Kawe kina benchi, kina kahawa, kina wazee wenye subira na vijana wenye maneno, na kila Machi kinavunjwa na kitu kidogo sana: hakina kitu juu. Nyumba za zamani za mwambao zilijengwa na baraza mbele ya mlango, mahali ambapo mgeni alikaa bila kuingia ndani na mwenyeji akazungumza naye bila kutoka kabisa. Tulipojenga kwa haraka na kwenye viwanja vidogo, baraza ndilo lilikuwa la kwanza kuachwa. Mabati manane, nguzo nne, sakafu iliyoinuliwa matofali mawili juu ya dimbwi: hiyo ni kazi ya mafundi wawili kwa siku moja, na mafundi wenyewe Aprili wako nyumbani wanasubiri kuitwa. Ofisi za serikali za mitaa zinaweza kuiomba michango kama zinavyoomba ya ulinzi shirikishi. Mvua ikianza saa kumi jioni, muuza kahawa asikunje meza yake, na yule aliyepoteza siku yake ya kazi apate pa kukaa mpaka saa mbili usiku akiwa na wenzake watano wanaomjua kwa jina.